Bili unalipa wewe, faili ni la mama: mwongozo wa taarifa za mgonjwa kwa ndugu zetu mlioko nje

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za huko kwenye baridi. Mi niko Moshi, kazi yangu iko upande wa mafaili hospitali, na kuna simu moja inajirudia sana, namba inaanza na +1 au +44, mtu yuko Texas au Reading, anaongea haraka kwa sababu yuko brek kazini, anasema mama yangu kalazwa wodi fulani niambie ana nini, na siwezi kumwambia, afu anakasirika, mimi ndo nalipa kila kitu kwa nini unanificha. Namwelewa kabisa. Yuko mbali, ana hofu, usiku hajalala. Ila kulipa bili hakukufanyi kuwa mwenye faili. Mwenye faili ni mgonjwa, na akiwa na akili zake timamu yeye ndo anasema nani aambiwe na nani asiambiwe, iko hivyo Moshi, iko hivyo Minneapolis, iko hivyo London, kinachobadilika ni fomu tu.

Na kwetu siku hizi haiishii kwenye maadili ya dokta. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, ina Tume yake kabisa, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, zile ambazo kwa kawaida haziguswi mpaka mwenyewe aridhie kwa maandishi. Majibu ya VVU yalishalindwa kabla ya hapo, kwenye sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Kwa hiyo nesi akikwambia kwa upole kwamba hawezi kuongea kwenye simu, hana roho mbaya, hajui wewe ni nani, sauti haina kitambulisho na kuna watu wanapiga wakijifanya mtoto wa mgonjwa ili wakajue habari za shamba na wosia, hayo yapo jamani, tusidanganyane.

Dawa yake ni barua, na barua iandikwe mama akiwa mzima, sio siku ya kukimbizwa na bodaboda. Ukiwa likizo kaa naye sebuleni mwandike, haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Inatosha hivi: "Mimi fulani, mwenye faili namba fulani, naruhusu hospitali impe mwanangu fulani, mwenye simu namba fulani, taarifa za ugonjwa wangu, majibu ya vipimo na bili zangu, kwa simu au kwa imeili, mpaka nitakapoandika vinginevyo." Tarehe, saini au dole gumba, shahidi mmoja asiye mtoto wake, kopi ya kitambulisho chake cha NIDA na kopi ya pasipoti yako wewe. Afu usiishie kuiweka kwenye kabati, ipelekwe hospitali ibandikwe ndani ya faili, na kama mama anatibiwa sehemu mbili, tuseme Mawenzi kwa presha na KCMC kwa macho, kila sehemu ipate yake, usitegemee kwamba kompyuta ya hospitali hii inaonekana kule. Mgonjwa akipewa rufaa anakwenda na barua ya rufaa, na hiyo barua ni muhtasari, faili lenyewe linabaki lilipo.

Kwenye barua hiyo mama anaweza pia kuandika asiyotaka yasemwe. Kuna wazee hawataki watoto wa kiume wajue mambo ya kizazi, kuna baba hataki mtu yeyote ajue habari za tezi dume isipokuwa binti yake ambaye ni nesi huko Ujerumani, na hilo ni lake kabisa, mkubalieni. Mimi hapo huwa sikubaliani na watoto wanaosema "mzee anatuficha". Mzee hajawaficha, mzee ana mwili wake.

Kingine, chagueni mtu mmoja. Watoto watano wako nchi tano kila mmoja anapiga kwa wakati wake, dokta wa zamu anaeleza jambo lile lile mpaka anachoka na kila mmoja anasikia lake, jioni mnagombana kwenye grupu. Mmoja aongee na hospitali, awaambie wengine kile mama alichokubali kisemwe. Kama inawezekana muwe kwenye simu ya video mama akiwa pale pale na dokta, kwa sababu akiwepo na akakubali hakuna anayevunja siri, ingawa raundi ya asubuhi Moshi huko Texas ni usiku wa manane, muombeni dokta muda wa mchana baada ya raundi. Mkubaliane na neno moja la siri liandikwe kwenye faili, ukipiga unaulizwa, unalitaja, nesi anakuwa na amani.

Akiruhusiwa, usiridhike na risiti. Omba karatasi ya dischaji, kopi ya majibu ya maabara, sidii ya sitiskani au MRI maana picha yenyewe ni muhimu kuliko ile karatasi ya maelezo, na kama alichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili cha kupima, omba majibu yake kwa maandishi na uulize slaidi, vile vioo vyenye kipande hicho, zinatunzwaje, kwa sababu dokta wa saratani huko nje akitaka maoni ya pili atataka slaidi, sio skrinshoti.

Na skrinshoti ndo zinaniuma kuliko vyote. Mtoto aliyeko nyumbani anapiga picha majibu anamtumia dada yake Arusha, dada anaforwadi grupu la familia, mtu wa grupu la familia anaforwadi grupu la ukoo ili watu wachange, na ndani ya saa moja watu wa Kibosho, Mbauda na Dubai wanajua mama ana nini kabla mama mwenyewe hajaelezwa na dokta. Hospitali hapo haijavujisha chochote, ni sisi. Kwenye mchango andika "mama anaumwa, tunahitaji kiasi hiki, bili iko kwa fulani", inatosha, watu wa kwetu wanachanga bila kuona jina la ugonjwa. Majibu tuma kwa imeili ya mtu mmoja, faili likiwa na paswedi, paswedi itume kwa njia nyingine.

Sasa upande wenu. Marekani sheria ya siri za mgonjwa inaitwa HIPAA, ya mwaka 1996. Siku ya kwanza kliniki wanakupa rundo la karatasi na wengi mnasaini bila kusoma mkiwahi shifti, ila kati ya hizo kuna inayouliza nani tunaweza kuongea naye kuhusu afya yako, jaza jina hapo, na ukiachana na huyo mtu rudi ukalifute. Dokta wako akikupeleka kwa dokta wa moyo wanapeana taarifa zako bila kukusainisha tena, hiyo ni halali, na bima inapewa inachohitaji ili ilipe. Bosi wako hapewi na dokta wako bila saini yako. Ila angalieni hili, ukiwa kwenye bima ya mume au ya mzazi, ile karatasi ya kueleza ulitibiwa nini na bei gani mara nyingi inakwenda kwa mwenye bima, hivyo kama kuna jambo hutaki lionekane, na hasa kama nyumbani hakuna usalama, iandikie bima mapema uombe barua zako zije kwenye anwani nyingine au imeili yako. Hiyo haki ipo na wachache sana wanaitumia.

Faili lako ukilitaka huko Marekani ni haki yako, wana siku 30 kukupa, wanaweza kuongeza 30 nyingine wakikuandikia sababu, na wanaweza kukutoza gharama ya kawaida ya kopi. Uingereza ni mwezi mmoja na kwa kawaida ni bure, na vitu vingi unavikuta tayari kwenye apu ya NHS. Ujerumani dokta kutoa siri ya mgonjwa ni jinai, kifungu cha 203 cha sheria yao ya makosa ya jinai, kwa hiyo msishangae mkeo kunyimwa taarifa zako mpaka usaini fomu ya kumruhusu dokta aongee.

Suala la mkalimani naomba mlisome taratibu. Mama amekuja kuwatembelea, kizungu hakipandi, mnampeleka hospitali na mtoto wa miaka 12 anatafsiri, bibi anaulizwa habari za tumbo la uzazi mbele ya mjukuu, anasema hana shida yoyote na mnarudi nyumbani na ugonjwa. Marekani hospitali zinazopokea hela ya serikali, ambazo ni nyingi sana, zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na hazitakiwi kumtegemea mtoto labda iwe dharura. Omba wa Kiswahili. Kama unaogopa atakuwa mtu wa kanisani kwenu, omba wa kwenye simu, anaweza kuwa jimbo jingine kabisa na hata jina lako la ukoo halimpi shida. Mkalimani wa hospitali anabanwa na siri kama nesi. Rafiki aliyekusindikiza habanwi na HIPAA hata kidogo, wala mchungaji, wala grupu.

Wazazi wenzangu, mtoto wenu aliyezaliwa Marekani akifika miaka 18 faili ni lake. Yuko chuo, ameanguka, mnapiga simu hospitali mnaambiwa hatuwezi kuzungumza. Msainishane fomu kabla hajaondoka nyumbani, na ile nyingine ya kuchagua mtu wa kumuamulia matibabu akishindwa kusema.

Msiba je. Mtu wetu akifariki Marekani, ukoo kule Machame wanataka kujua nini kimemuua kabla mwili haujafika, na hospitali haisemi. HIPAA inalinda taarifa za marehemu kwa miaka 50 baada ya kifo. Anayeweza kuomba faili ni anayetambuliwa kisheria kusimamia mambo ya marehemu, na ndugu aliyekuwa anamuuguza anaweza kuelezwa yale yanayohusu uuguzaji ule, isipokuwa kama marehemu alikataza akiwa hai. Baba mkubwa aliyeko kijijini, hata kama ndiye anayeshika msiba wote, kwa simu hatapewa. Andika wosia, taja msimamizi, hata kama una miaka 35 na huna nyumba.

Taarifa zikivuja, andika malalamiko, usiishie kulia. Hapa anza na uongozi wa hospitali, kisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kama ni dokta, Baraza la Madaktari Tanganyika. Marekani ni ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya, ndani ya siku 180 tangu ujue. Uingereza ni ICO, ofisi yao inayosimamia taarifa binafsi. Tunza tarehe, jina la aliyeongea, na ujumbe wenyewe usiufute.

Mwisho ni wale mnaorudi nyumbani Desemba, "kuhesabiwa" kama tunavyotaniana. Mnakuja na viatu vya ndugu zenu na hamji na karatasi yenu ya afya, afu sukari inapanda Arusha mjini au moyo unasumbua Marangu na sisi hatuna pa kuanzia, na kliniki yenu kule imefungwa kwa sikukuu. Njoo na muhtasari wa dokta wa ukurasa mmoja, aleji zako, na dawa kwa jina la dawa lenyewe sio la kampuni, ingawa hata hilo jina linaweza kutofautiana, huku acetaminophen tunaiita paracetamol na albuterol ni salbutamol. Chapisha nakala mbili, moja mkobani, nyingine kwa mtu unayemwamini nyumbani, kwenye bahasha iliyofungwa. Na kwa kuwa kliniki za Marekani zina zile siku 30 za kukupa karatasi, ombi lipeleke kabla Oktoba haijaisha.