Kununua meza ya pool ya sarafu iliyotumika
Usidanganyike na kitambaa kipya, kitambaa kinabadilishwa tu, we inama uchungulie jiwe, lile bamba la chini ya kitambaa ambalo mipira inatembelea. Ukigonga ukasikia mlio wa mbao ujue ni ubao huo, masika yakianza unapinda. Jiwe likiwa na ufa achana nalo hata muuzaji akushushie bei vipi.

Halafu nenda na sarafu zako, 200 na 500, ingiza, sukuma, mipira yote 15 ishuke, kisha utumbukize ule mweupe makusudi maana unatakiwa urudi wenyewe, huwa mkubwa kidogo au una sumaku, wengine wanakuwekea wa kawaida unamezwa kila saa na wateja wanagombana.

Ukiuza wewe, fungua boksi la hela mbele ya mnunuzi, mpe funguo zote, mwandikishane kwa mjumbe.