Kuitazama kalsiamu ikipiga ndani ya osteoklasti

Mara ya kwanza nilipopima kalsiamu kwenye osteoklasti, kompyuta ilinichorea mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nikaandika daftarini "hakuna kitu", nikaenda kula. Kumbe nilikuwa nimeiambia programu ichukue wastani wa seli zote zilizoonekana kwenye hadubini, na kalsiamu ya seli hizi haipandi na kushuka kwa pamoja. Ni kama kulisikiliza soko la Kariakoo ukiwa ghorofa ya sita: utasikia mvumo tu. Bei ya nyanya mpaka ushuke, usimame mbele ya mwenye meza.

Kwanza ujue unachokitafuta. Osteoklasti ni seli kubwa zenye viini vingi, kazi yake kumeng'enya mfupa. Huundwa na seli ndogo za uboho, za ukoo mmoja na makrofeji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), zinazoungana. Protini RANKL ikikamata kipokezi chake RANK, na vipokezi vingine vikisaidia, kimeng'enya PLCγ2 hutengeneza IP3, molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe. Hiyo IP3 hufungua ghala la kalsiamu lililomo ndani ya seli yenyewe. Kalsiamu hupanda, hushuka, hupanda tena. Kimeng'enya kalsinurini kikiamshwa na midundo hiyo huivua protini NFATc1 fosfeti zake, nayo NFATc1 huingia kwenye kiini kuwasha jeni za ulaji wa mfupa. Kwamba NFATc1 ndiyo swichi kuu ya kazi hii, timu ya Hiroshi Takayanagi ilionyesha huko Japani mwaka 2002.

Sasa mkono kazini. Suuza uboho kutoka mifupa ya paja na ya muundi ya panya, zioteshe seli kwa M-CSF (protini inayozikuza) siku mbili tatu, kisha zihamishie kwenye sahani yenye kitako cha kioo chembamba. Zitawanye. Zikibanana hutajua mpaka wa seli hii na ile uko wapi, na hapo umeshapoteza jambo lenyewe. Ongeza RANKL. Midundo huanza kama saa 24 baadaye, kwa hiyo usingoje siku ya tano seli ziwe majitu. Mimi hupima siku ya pili.

Rangi ninayotumia ni Fura-2, ambayo mng'ao wake hubadilika ikikamata kalsiamu, iliyotoka maabara ya Roger Tsien mwaka 1985. Uzuri wake ni huu: unaimulika kwa nanomita 340, kisha 380, na zote unazisoma karibu na 510. Kalsiamu ikipanda, ya 340 inang'aa zaidi na ya 380 inafifia. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili, seli nene na seli nyembamba zinakuwa sawa, hata seli ikijisogeza kidogo hesabu haiharibiki sana. Weka maikromola 5 ya Fura-2 AM (rangi ile ile ikiwa na mkia unaoipitisha kwenye utando wa seli) kwa nusu saa, osha, halafu kaa. Nasema kaa! Nusu saa nyingine, ili vimeng'enya vya seli vikate mkia wa AM. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu foleni ya hadubini ni ndefu, halafu wanakuja kuuliza mbona mstari unapanda wenyewe taratibu.

Jingine ambalo hakuna aliyeniambia: seli za ukoo wa makrofeji huisukuma Fura-2 nje. Unaona mwanga unakufa mbele ya macho yako. Probenesidi kwenye maji ya kupimia huizuia. Ndiyo, ile ile dawa ya zamani ya jongo. Itie pia kwenye sahani zako za kulinganishia, usije ukalinganisha vitu viwili tofauti.

Pasha meza ya hadubini ifike nyuzi 37 kabla ya kuweka sahani. Seli zikipoa zinazubaa, na kioo kikipata moto taratibu picha inatoka kwenye fokasi. Piga picha kila sekunde 5 kwa dakika 10. Mwanga uwe hafifu kadiri kamera itakavyovumilia, maana mwanga mkali unaiua rangi na unaisumbua seli. Usiguse chochote. Hata kudondosha maji kwa pipeti kunaweza kuzishtua seli zikapandisha kalsiamu, nawe ukadhani ni RANKL.

Dakika ya mwisho, dondosha ionomisini. Hiyo hupitisha kalsiamu kwenye utando kwa nguvu, kwa hiyo kila seli hai iliyomeza rangi lazima iruke. Isiyoruka ifute kwenye hesabu, hata kama ilikuwa imekupa mchoro mzuri.

Kwenye programu, zungushia kila seli mstari wake kwa mkono. Inachosha, najua, weka redio. Amua kabla ya kuangalia mdundo ni kupanda kiasi gani juu ya kawaida ya seli hiyo, kisha hesabu seli ngapi zinapiga na kila moja inapiga mara ngapi. Fanya vivyo hivyo kwa sahani iliyopewa M-CSF bila RANKL.

Faili ya siku ile ya kwanza nilikuwa sijaifuta. Wiki mbili baadaye niliifungua, nikazungushia seli moja kubwa pembeni kushoto, halafu jirani yake. Zilikuwa zinapiga zote mbili, moja ikipanda wakati nyingine inashuka.