Kabla hujamchagua mnyama wa kupambana na watu

Swali ambalo wawindaji wapya (wachezaji wa upinde wanaofuga wanyama) wa mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft huniuliza kuliko yote ni mnyama yupi mkali. Kabla sijajibu huwa nataka kujua jambo moja: nani anakuua? Kama unakufa kwa wachawi wanaosimama mbali na kukuchoma, unahitaji mnyama wa aina moja. Kama unakufa kwa mpiganaji wa deraya anayekufikia na kukuganda kama kupe, unahitaji mwingine. Na kama wewe hufi lakini adui zako nao hawafi, kwa kuwa kuna mtu nyuma yao anayewaponya kila unapowafikisha pabaya, basi ni wa tatu huyo. Upinde wako unajua kuua wenyewe. Mnyama yupo kwa zile kazi ambazo mshale hauziwezi.

Nazungumzia hasa toleo la Classic, lile ambalo watengenezaji wake, Blizzard, walilirudisha Agosti 2019 likiwa na kanuni za miaka ya mwanzo ya mchezo huu uliotoka 2004. Katika toleo la kisasa tofauti nyingi kati ya wanyama zimesawazishwa. Tangu 2018 kila mnyama huingia katika kundi moja kati ya matatu, na wanaopambana na watu hupenda kundi la Cunning kwa sababu ya Master's Call, uwezo unaokufungua wewe au mwenzako mkinaswa miguu. Ukishalijua hilo umeshajua sehemu kubwa. Kwenye Classic safari ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa kila jamii ya mnyama ina kitu chake na ina upungufu wake.

Tuanze na wachawi, kwa sababu ndio wanaowakatisha tamaa wawindaji wengi. Katika Classic, mtu anayesoma uchawi akipigwa, usomaji wake unarudishwa nyuma. Kila pigo linamchelewesha. Wanyama wengi hupiga mara moja kila sekunde 2. Lakini kuna paka mmoja katika eneo la Badlands anayeitwa Broken Tooth, wa ngazi ya 37, ambaye hupiga kila sekunde 1. Madhara yake kwa jumla hayamzidi paka mwingine wa ngazi moja naye, kwa sababu kila pigo lake ni dogo zaidi. Thamani yake iko kwenye idadi ya mapigo. Mtazame mchawi aliyefikiwa na Broken Tooth: ule mstari wa skrini unaoonyesha usomaji wake unajaa nusu, unarudi, unajaa tena, unarudi, hadi anakata tamaa na kuanza kukimbia. Huko kukimbia ndiko unakotaka, maana wewe umesimama nyuma unapiga.

Ila usimfuate Broken Tooth bila kujua mipaka yake. Ngao ya kasisi na kizuizi cha barafu cha mchawi, maadamu bado havijavunjika, humlinda msomaji asirudishwe nyuma. Hapo kazi yako ni kuivunja ngao kwa mishale huku paka akisubiri zamu yake. Tena paka huyu huonekana kwa nadra, na si wewe peke yako unayemtafuta. Ukimpata, kumfuga kunachukua sekunde 20 huku anakurarua, na katika sekunde hizo deraya yako haikusaidii kitu. Ingia ukiwa na afya kamili na usianze kama kuna adui wa upande mwingine karibu, kwa sababu pigo lake moja la kukuzubaisha linatosha kukuharibia kazi yote.

Sasa adui anayekimbia, au anayetaka kukufikia. Hapa mimi namtetea nguruwe mwitu kwa moyo wote, ingawa wengi humdharau kwa sura yake. Ana Charge: anamrukia adui na kumfunga miguu kwa sekunde 1. Sekunde moja inasikika kuwa ndogo. Kwa mwindaji, ambaye maisha yake yote uwanjani ni kupigania umbali, sekunde hiyo ni hatua kadhaa za kurudi nyuma, na hatua hizo ndizo zinazokutoa kwenye lile eneo baya la karibu ambamo upinde haufyatuki. Nguruwe ana Dash pia, ile mbio ya ghafla, kwa hiyo akimkamata mtu si rahisi kumwacha nyuma. Na anakula kila kitu: nyama, samaki, mkate, jibini, matunda, uyoga. Ukiwa katikati ya mfululizo wa mapambano na mkoba umeanza kuwa mtupu, utashukuru.

Nge ni mnyama wa watu wenye subira. Sumu yake inapandiana hadi mara 5, na uzito wake hauko kwenye madhara yake bali kwenye ulinzi inaoutoa. Mwindaji ana Viper Sting, mchomo unaonyonya mana ya adui, ile akiba anayoitumia kwa uchawi, na mchomo huo unahesabiwa kuwa sumu. Druidi, paladini na shamani, ambao nao ni waponyaji, wote wanaweza kuiondoa sumu. Nge akiwa amemng'ang'ania mtu huyo, kila anapojisafisha kuna uwezekano wa kuondoa sumu ya nge na kuuacha mchomo wako, na nge anaiweka upya papo hapo. Nimeona druidi akimaliza mana yake yote kwa kujisafisha tu, bila kumponya mwenzake hata mara moja. Kasisi hana uwezo wa kuondoa sumu, hivyo dhidi yake nge hakupi faida hiyo. Peleka mnyama mwingine. Upungufu wa nge ni miguu: hana Dash. Akitumwa kwa mtu anayejua kuteleza, atabaki anamfuata tu bila kumgusa, na sumu isiyogusa haipo.

Popo na bundi wana Screech, ukelele unaopunguza nguvu ya mapigo ya adui walio karibu. Wanafaa dhidi ya wapiganaji na wanyatiaji wanaokuja kwa silaha za mkononi. Dhidi ya wachawi ukelele huo haupunguzi kitu. Nyoka wa upepo hutema radi kutoka mbali, na kwa kuwa radi haizuiliwi na deraya, yeye ni dawa nzuri ya watu waliojifunika chuma. Mbwa mwitu mwachie anayekwenda mapangoni na kikundi. Mlio wake huwaongezea nguvu walio karibu naye, na wewe kwenye pambano la watu unatakiwa uwe mbali naye.

Unaweza kuwa na wanyama watatu: mmoja ubavuni na wawili zizini, ukishanunua nafasi zote mbili. Kwa hiyo huna haja ya kumtafuta mmoja anayefanya kazi zote. Mimi hukaa na paka na nguruwe, na nafasi ya tatu naiacha wazi kwa sababu ambayo watu huisahau: ujuzi wenyewe unatoka porini. Ili umfundishe mnyama wako Bite (kuuma) au Charge ya daraja la juu zaidi, lazima kwanza umfuge mnyama mwingine mwenye daraja hilo, upigane pamoja naye hadi ujuzi ukuingie, kisha umwache aende zake. Zizi likijaa, huna pa kumweka.

Jambo linalowaangusha wengi ni muda. Mnyama aliyefugwa leo si mnyama wa kupambana leo. Kuna ngazi 6 za uaminifu, na alama za mafunzo hupatikana kwa kuzidisha ngazi ya mnyama kwa ngazi yake ya uaminifu ukitoa moja. Mnyama wa ngazi ya 60 aliyefika uaminifu wa mwisho ana alama 300. Yuleyule akiwa ndiyo kwanza amefugwa ana sifuri. Asipolishwa vizuri katika siku hizo za mwanzo anaweza hata kukutoroka. Na kama ulimfuga akiwa wa ngazi ya chini, kama Broken Tooth na 37 yake, lazima mpigane pamoja hadi akufikie. Kwa hiyo mtafute mapema kabisa, wiki nzima kabla ya mashindano unayoyalenga kama unaweza.

Hizo alama 300 zigawe ukiwa umeshajua adui yako. Katika Classic mnyama harithi chochote kutoka kwenye silaha na mavazi yako, hivyo ugumu wake wote unatoka hapa: deraya ya asili, uhai wa ziada, na kinga dhidi ya moto, barafu, giza, sumu za asili na uchawi wa arcane. Alama hazitoshi kwa vyote. Mimi huweka uhai kwanza, kwa sababu unasaidia dhidi ya kila mtu, kisha kinga ya barafu au ya giza kulingana na wachawi (wa barafu) au walozi (wa giza) ninaokutana nao zaidi. Kumwaga alama kwenye deraya peke yake ni kosa kama wanaomuua mnyama wako ni watu wa uchawi.

Chakula sasa. Mnyama mwenye furaha hupiga kwa asilimia 125 ya nguvu yake, aliyeridhika 100, asiye na furaha 75. Tofauti ya juu na chini ni nusu nzima ya mnyama, na inategemea tu kama ulimlisha. Huwezi kumlisha katikati ya pambano, na akifa furaha yake inashuka. Beba chakula kinachokaribiana na ngazi yake, kwa kuwa cha ngazi ya chini kinampa furaha kidogo, na hakikisha ni cha jamii yake: paka hatagusa mkate, popo hatagusa nyama.

Kisha kaa na vitufe vyake, kwa utulivu, kabla hujaingia popote. Growl izime. Ni uwezo wa kuwavuta majini na wanyama wa mchezo wamwache mwindaji, haumfanyi lolote mchezaji, lakini ukiachwa unajitumia wenyewe unakula nishati 15 kila mara. Mnyama ana nishati 100 tu. Claw (pigo la kucha) inakula 25, Bite 35, Dash 20, Charge 35, na ile radi ya nyoka wa upepo 50. Paka mwenye Growl na Claw zinazojituma atakuwa mkavu kabisa wakati mchawi anapomkimbia na wewe unabonyeza Dash bila majibu. Mimi huacha Bite ijitume, na Dash au Charge naibonyeza kwa mkono wangu.

Amri muhimu kuliko zote ni ile ya kumrudisha. Nakumbuka mechi moja ya Warsong Gulch, uwanja ambao timu mbili hunyang'anyana bendera: bendera yetu imechukuliwa, mbebaji wao anavuka katikati ya uwanja na kasisi wake nyuma. Kasisi akakanyaga mtego wangu wa barafu, akaganda. Nikamgeukia mbebaji, wenzangu nao wakamgeukia, uhai wake ukashuka chini ya robo. Paka wangu nilikuwa nimemtuma kwa kasisi kabla ya mtego, na sikumwita. Akampiga pigo moja, barafu ikavunjika, kasisi akainua mkono, mbebaji akajaa. Bendera ilifika kwao. Tangu siku ile kitufe cha kumwita kipo karibu na kidole gumba, na nakibonyeza kabla mtego haujaruka. Kuna sababu ya pili: katika Classic mtego hauwekwi ukiwa ndani ya pambano, ndiyo maana tunajifanya tumekufa kwanza ili tutoke pambanoni, na mnyama akiwa bado anauma mtu anakurudisha pambanoni papo hapo.

Kumbuka pia kwamba wapo wanaoweza kumwondoa mnyama bila kumuua. Druidi anaweza kumlaza usingizi, mwindaji mwenzako anaweza kumtisha akimbie, mlozi vilevile, na mchawi anaweza kumgeuza kondoo. Kama umefuata tawi la Beast Mastery, Bestial Wrath humfanya asishikike na yote hayo kwa sekunde 18, kwa hiyo usiitumie mwanzo wa pambano kwa furaha tu. Subiri hadi wameshatumia njia zao za kukimbia.

Ukishajua ramani, fikiria njia za mnyama. Ukiruka kutoka ghorofani kwenye ngome ya Warsong Gulch, yeye anaweza kuzunguka kwa ngazi, na kwa sekunde kadhaa uko peke yako. Kumponya wakati wa mapigano kunakusimamisha sekunde 5 bila kupiga mshale, na kumfufua kunachukua 10 na kumrudisha na uhai kidogo tu. Hivyo mwanzoni mwa mechi, lango likiwa bado limefungwa, mimi hufanya mambo kwa mpangilio uleule: naitazama ile alama ya uso inayoonyesha furaha yake kama ni ya kijani, namlisha hata kama aliridhika, nahakikisha Growl imezimwa, namweka asishambulie hadi nimwamuru, na kama ni paka namwingiza kwenye Prowl ili pigo lake la kwanza litoke mafichoni. Lango likifunguka, simtumi kwa wa kwanza anayetokea. Namtafuta yule niliyemleta kwa ajili yake.