SUV ya zamani: ingia chini uangalie kutu na paipu za breki kabla hujatoa hela

Wengi wetu tukienda kuangalia SUV ya zamani tunazunguka bodi, tunafungua boneti, tunasikiliza injini, tunakaa ndani tunajaribu AC, basi, tukitoka hapo tushaipenda na mtu akishapenda haoni tena. Mi nakwambia anza chini. Injini inafunguliwa ikatengenezwa, giaboksi inabadilishwa, lakini chesesi (fremu ya chuma inayobeba gari) ikishaoza hiyo gari imekwisha, na paipu ya breki ikipasuka uko kwenye mteremko hupati hata muda wa kujuta.

Nalisema kwa uchungu sababu limenikuta. Nilikuwa spidi ndogo tu, nakanyaga pedeli ikashika kama kawaida halafu ghafla ikazama mpaka karibu na sakafu, taa nyekundu ya breki ikawaka. Gari ilisimama kwa vile mfumo wa breki umegawanywa njia mbili, moja ikivuja nyingine inabaki, ila ilisimama mbali sana na pale nilipotaka. Nilipoinama nikakuta mafuta ya breki yanachuruzika juu ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma), na paipu yenyewe imevimba magamba kama gome la mti, yaani ilikuwa hivyo siku nyingi na mimi sijawahi hata kuchungulia.

Haya, beba tochi yenye mwanga mkali, bisibisi bapa, kinyundo kidogo, brashi ya waya, sumaku iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, glavu na miwani maana kutu inadondoka machoni. Kama unainua gari weka stendi, USIINGIE chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Na ukipiga jeki ukasikia chuma kinabonyea au kinasagika pale pa kuinulia, shusha taratibu, jibu umeshalipata.

SUV nyingi za zamani zina chesesi inayojitegemea, vyuma viwili virefu vya umbo la boksi vimeungwa na vya kukatiza, bodi imekaa juu yake kwa bolti. Shida ya hilo boksi ni kwamba linaoza kuanzia ndani. Tope na maji vinaingia kwenye matundu halafu havitoki, chuma kinaliwa taratibu huku nje rangi bado inapendeza. Ndio maana macho hayatoshi. Muombe mwenye gari ruhusa kwanza, kisha gonga na kinyundo kipande kwa kipande, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa, utaitofautisha hata kama hujawahi kufanya hii kazi. Pale sauti inapobadilika sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu, ikizama au chuma kikibonyea, usiendelee kubembeleza bei, ondoka. Ingiza na kidole (umevaa glavu) kwenye matundu ya kutolea maji, ukitoa magamba makubwa makubwa ujue ndani kumeharibika.

Sehemu za kukaza macho zaidi ni nyuma pale chesesi inapopanda kupita juu ya ekseli, pale springi zinaposhikwa, juu ya tanki la mafuta, na pale mikono ya sasipensheni inapofungwa. Hizo ndizo zinazobeba uzito na ndizo tope linapolala.

Sio kila kutu ni ya kuogopa lakini. Ile ya juujuu rangi ya chungwa, ukipiga brashi inatoka unakuta chuma kigumu chini yake, hiyo ni ya umri tu, unasafisha unapaka dawa ya kutu na rangi maisha yanaendelea. Inayotisha ni ile inayobanduka matabaka, kwa sababu kila tabaka unaloliona chini ni unene uliopungua kwenye chesesi. Na ukikuta gari imechoka kila mahali halafu chini yote imepakwa rangi nyeusi mpyaa, shtuka. Mtu anaweza kuwa ameitunza vizuri kweli, ila anaweza pia kuwa ameficha, kwa hiyo hapo kinyundo kinafanya kazi mara mbili.

Kama SUV yako ni ya aina isiyo na chesesi ya peke yake, basi bodi ndio chesesi, angalia vizingiti vya chini ya milango kwa urefu wote, sehemu za kupigia jeki, na pale juu shokapu za mbele zinaposhika ndani ya boneti. Kwenye bodi ya kawaida pitia haraka matao ya matairi, chini ya milango, mlango wa buti, pembeni ya kioo cha mbele, na inua kapeti ushike kama kuna unyevu. Sumaku ikigoma kunasa kwenye bodi ya chuma, hapo kuna puti nene (ile dawa ya kuzibia mashimo ya bodi kabla ya rangi) imejazwa.

Sasa breki. Watu wanadhani ni jambo la gari moja moja lenye bahati mbaya, sio kweli. Mwaka 2015 shirika la serikali ya Marekani la usalama wa magari, NHTSA, lilifunga uchunguzi mrefu wa paipu za breki zilizooza kwenye pikapu na SUV za kampuni ya General Motors (GM) za 1999 mpaka 2003, likasema ni uchakavu wa umri na chumvi, likawaonya wenye magari ya 2007 kurudi nyuma wakague paipu zao na waoshe chini ya gari. Kule wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na gari iliyokaa karibu na bahari nayo inakula chumvi hiyohiyo, kwa hiyo uliza gari imeishi wapi.

Paipu yenyewe ni nyembamba, nyingi zina kipenyo cha nje cha milimita 4.75 na ukuta wake haufiki milimita 1, halafu ukikanyaga breki kwa nguvu presha ndani inaweza kupita bar 70, linganisha na tairi yenye bar 2 na kitu. Anzia kwenye masta silinda (ile pampu ya breki ndani ya boneti inayosukumwa na pedeli), shuka na paipu kwenye chesesi, ifuate na tochi hadi nyuma bila kuruka, hasa kwenye vibanio vinavyoishikilia, juu ya tanki na juu ya ekseli ya nyuma, maana huko ndiko hakuna anayeangalia. Futa tope kwa kitambaa, usikwangue na bisibisi. Ukungu wa kahawia kwenye paipu laini unavumilika, ila vipele, magamba au sehemu iliyovimba ni ya kubadilisha, na ukishika unyevu wa mafuta gari isiondoke hapo kwa kuendeshwa. Paipu za petroli au dizeli huwa zinapita ubavuni mwake, ziangalie hapohapo.

Zile hosi za mpira karibu na matairi zikunje kidogo uone mipasuko, halafu mtu akanyage breki wewe ukiangalia kama zinavimba.

Jaribio la pedeli: injini imezimwa, pampu mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, kisha kandamiza kwa nguvu sekunde 30. Ikizama polepole kuna uvujaji au masta silinda imekufa. Ukiwa bado umekandamiza washa injini, inatakiwa ishuke kidogo tu, hiyo ni servo, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu, inaanza kusaidia. Ila usijiamini kwa sababu pedeli iko vizuri, yangu ilikuwa nzuri mpaka dakika ile ya mwisho.

Ukiamua kubadilisha, badilisha paipu nzima na zile za umri wake, usikubali fundi akate kipande kibovu aunge kwa kiungio cha kubana, kwenye breki inatakiwa ncha iliyopanuliwa kwa kifaa chake. Paipu za mchanganyiko wa kopa na nikeli zinapindika kirahisi na hazishiki kutu. Nati loweka dawa ya kulegeza siku moja kabla na tumia spana maalum ya nati za paipu, ya kawaida inaviringa pembe. Mafuta ya breki weka ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake (DOT ndiyo alama ya aina zake), na DOT 5 ya silikoni usichanganye na DOT 3 au 4.

Ukimaliza kutoa hewa iliyoingia kwenye paipu za breki, mwambie mwenzio akandamize breki kwa nguvu gari ikiwa imesimama, wewe pita na tochi kila kiungo ukigusa na karatasi kavu, endesha taratibu sehemu isiyo na watu, na baada ya siku chache rudi chini upitie viungo vyote tena.