Bomba la inchi ngapi? Kuchagua ekzosi inayolingana na injini yako

Mara ya kwanza kupanda mlima wa Kitonga nikiwa na bomba la inchi 3, nililazimika kurudi gia ya pili kwenye kona ambazo zamani nilizipita na ya tatu. Gari ni Altezza AS200, ile ya silinda sita, injini 1G-FE, ambayo kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 160. Fundi aliyenifungia aliniambia bomba likiwa pana ndipo injini inapopumua. Nikamwamini, kwa sababu mlio ulikuwa mzito na mtaani kila mtu aligeuka. Lakini chini ya mizunguko 3,500 gari lilikuwa zito, na njia nzima hadi Iringa kichwa kiliniuma kwa mngurumo.

Tangu siku hiyo sikubali mtu anikatie bomba kabla sijapiga hesabu. Hesabu yenyewe ni fupi, na wadogo zangu wanaonunua Altezza, Mark X na Forester leo ningependa waijue kabla ya kutoa hela.

Kwanza tuelewane kuhusu moshi. Utasikia watu wakisema injini inahitaji kubanwa kidogo ili ivute. Hapana, inachohitaji ni moshi kutoka kwa kasi. Kila vali ya kutolea moshi inapofunguka, fungu la hewa ya moto huchomoka, na nyuma yake huacha mgandamizo mdogo unaosaidia kufyonza moshi uliobaki kwenye silinda. Bomba likiwa pana kupita kiasi, fungu hilo linatawanyika, linapoa na kupunguza mwendo, na ule mfyonzo unadhoofika. Likiwa jembamba mno, pistoni inatumia nguvu yake kusukuma moshi badala ya kusukuma gari. Jambo hili lina uzito zaidi kwenye manifoldi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) na mita ya kwanza ya bomba. Kadiri unavyokwenda nyuma moshi unazidi kupoa na ujazo wake unapungua, kwa hiyo ukilazimika kubana mahali ili bomba lipite juu ya ekseli, bana nyuma, usibane mbele.

Sasa hesabu. Kwa kila nguvu moja ya farasi, tenga milimita za mraba 12.3 za nafasi ya ndani ya bomba. Chukua 160 mara 12.3, unapata 1,968. Gawanya kwa 3.14, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili: kipenyo cha ndani ni milimita 50 hivi. Altezza RS200 ya gia za mkono, yenye injini 3S-GE ya farasi 210, inakupa kama milimita 57. Magari mawili yenye umbo moja, na bomba lao si moja. Tumia nguvu ambayo injini yako inayo leo, au utakayoifikia kwa kazi uliyokwisha kuilipia, usitumie ile unayoiota.

Angalia hapa, maana wengi wanakosea. Inchi inayotajwa dukani ni kipenyo cha nje. Bomba la inchi 2.25 ni milimita 57 kwa nje. Ukitoa ukuta wa milimita 1.5 kila upande unabaki na 54 ndani. La inchi 2.5 lina 60 na nusu ndani, na la inchi 3 lina 73. Kwa hiyo AS200 yangu inatosheka na 2.25, na RS200 inataka 2.5. Ukilinganisha nafasi, bomba la inchi 3 lina karibu mara moja na nusu ya lile la 2.5, ingawa kwa macho tofauti ni nusu inchi tu. Nenda dukani na kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, upime mwenyewe.

Kona ndizo zinazoharibu kazi nzuri. Bomba linapokunjwa kwa mashine ya kawaida, upande wa ndani wa kona unabonyea, na bomba la 2.5 linakuwa jembamba pale pale lilipopinda. Kona nne za namna hiyo zinakurudisha ulikotoka. Omba kona zilizokunjwa zikiwa na kiini ndani, zinazobaki duara, kisha zichomelewe kwenye vipande vilivyonyooka. Wapo mafundi wanaojaza mchanga mkavu na kuushindilia kabla ya kupasha moto na kukunja, na kazi yao inatoka safi wakiwa wavumilivu. Chungulia ndani ya kila kiungo kabla hakijafungwa: uvimbe wa kuchomelea uliojitokeza ndani unakaba kama mfupa kooni.

Gari la tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, lina sheria yake. Tabo inazungushwa na tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya feni yake, kwa hiyo baada ya tabo unataka nafasi kubwa kadiri gari linavyoruhusu. Forester yenye injini EJ20 ya tabo ya farasi 220, kwa hesabu yangu ingetosheka na 2.5, lakini mimi ningeiwekea inchi 3 kuanzia kwenye tabo hadi nyuma bila kusita. Ila funga geji ya tabo kwanza. Bomba likiwa pana zaidi, presha ya tabo inaweza kupanda kuliko injini ilivyopangiwa, na hapo usikanyage mpaka kompyuta ya gari irekebishwe.

Kama unataka kujua bomba ulilonalo linakaba kweli, pima. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, weka hapo nipeli ya M18 yenye nyuzi za 1.5, unganisha bomba la shaba la mafundi friji lenye urefu wa mita moja ili joto lipungue, halafu geji ya psi 0 hadi 15. Taa ya injini itawaka, utaifuta baadaye. Dereva aendeshe, mwenzake asome geji gari likikanyagwa mpaka mizunguko ya juu, mahali pasipo na watu. Ikibaki chini ya psi 2, acha bomba lako, tafuta nguvu kwingine. Ikipita 4, kuna kitu kinakaba, na mara nyingi si bomba bali masega (kichujio cha kusafisha moshi) yaliyoziba au sailensa iliyobomoka ndani. Badilisha hicho kwanza.

Mngurumo ule ulioniumiza kichwa ulikuwa kati ya mizunguko 2,500 na 3,000, yaani mwendo wa safari kabisa. Dawa yake ni sailensa ya pili ndogo katikati ya bomba, yenye njia iliyonyooka na kipenyo kile kile cha ndani. Haipunguzi nguvu unayoweza kuihisi. Usitoe sailensa zote. Sheria inazidai, na jirani mwenye mtoto mchanga ana haki ya kulala.

Kabla ya kuchomelea, acha fundi alishike bomba lote kwa nukta chache tu za kuchomelea, ushushe gari, upakie watu wanne na upite kwenye tuta, uone kama linagonga mahali. Kwa Dar chumvi inakula chuma cha kawaida haraka, kwa hiyo ukiweza nunua stenlesi 304. Sumaku haiishiki, au inaishika kwa udhaifu sana. Hakikisha hakuna tundu lolote mbele ya sensa, maana hewa ikiingia pale kompyuta itadhani mafuta ni machache na itaongeza.

Yangu sasa ni 2.25 kutoka kwenye manifoldi hadi mwisho. Baada ya kilomita 200 nililala tena chini ya gari na spana 14, nikakaza bolti zote, mbili zilikuwa zimelegea.