Kunyamazisha jeni za ngano kwa kutumia BSMV

Ngano ikivamiwa na BSMV, virusi vya milia ya shayiri, hujikinga kwa kuikatakata RNA ya virusi hivyo. Ukipachika humo kipande cha jeni ya ngano, RNA ya jeni hiyo (nakala inayobeba ujumbe wake) nayo hukatwakatwa, na jeni hunyamaza. Njia hii, iliyoonyeshwa kwenye shayiri mwaka 2002, hutoa jibu la awali kuhusu kazi ya jeni ndani ya wiki chache.

Wengi hukwama kwenye uchaguzi wa kipande. Chukua jozi za besi (herufi za DNA) 200 hadi 300. Kikiwa kirefu zaidi, virusi hukitupa mapema. Ngano ya mkate ina jinomu (seti za jeni) tatu, A, B na D, kwa hiyo tafuta sehemu inayofanana katika nakala zote tatu, lakini isiyo na besi 21 mfululizo zinazolingana na jeni nyingine. Kipachike kikiwa kimegeuzwa, mara baada ya jeni ya virusi iitwayo γb katika RNA gama, mojawapo ya RNA tatu za BSMV: alfa, beta na gama.

Kuza Agrobacterium (bakteria wanaoingiza DNA kwenye mmea) za alfa, beta na gama kila moja peke yake. Zikoroge katika MgCl2 mM 10, bafa ya MES mM 10 (pH 5.6) na asetosiringoni (kiamsha cha bakteria hao) mM 0.1 hadi OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) ifike 0.7. Ziache saa tatu, changanya sawa kwa sawa, kisha zisukume upande wa chini wa majani ya Nicotiana benthamiana (jamaa ya tumbaku) kwa bomba lisilo na sindano.

Baada ya siku 3 hadi 5, saga gramu 1 ya majani hayo katika ml 2 za bafa ya fosfeti mM 10 (pH 7) yenye Celite (unga wa kukwaruza jani) 1%. Sugua kwa glovu majani mawili ya kwanza ya mche wa ngano, toka shinani kwenda nchani. Ukikandamiza sana jani hufa kabla virusi havijasambaa. Nyunyizia maji, tunza kwenye nyuzi 22 hadi 25.

Usilinganishe na mmea usioambukizwa tu: weka pia miche yenye virusi vilivyobeba kipande cha GFP (jeni ya kung'aa isiyomo kwenye ngano), maana ugonjwa wenyewe hubadili jeni nyingi. Weka pia miche ya PDS (jeni ambayo ikinyamazishwa jani hupauka) kama kielelezo; ikipauka kwenye jani la tatu na la nne baada ya siku 10 hadi 14, chukua sampuli hapo. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) za qPCR, kipimo cha wingi wa RNA, ziwe nje ya kipande, la sivyo utapima RNA ya virusi na kudhani jeni imepanda. Mpauko ukiwa mabaka mabaka ni kawaida.

BSMV hupita kwenye mbegu. Mimea na udongo vyote viingie otoklevu (chombo cha mvuke wa shinikizo), nyuzi 121.