Mgao wa maji: namna ya kuokoa bustani bila kumaliza akiba ya nyumbani

Maji yakianza kutoka kwa zamu, wengi wetu tunabana ya kuoga na kufua, huku nje mpira unamwaga kama kawaida. Kabla ya hatua yoyote, pima. Weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira, angalia saa. Ikijaa kwa dakika moja, nusu saa ya kumwagilia imekula lita 600, yaani ndoo 30. Siku nilipopima kwangu, nilikunja mpira nikauweka stoo, nikarudi kwenye kopo.

Hatua ya 1: Panga foleni ya mimea
Wakati wa mgao mimea haipewi sawa. Mbele ni miche na miti iliyopandwa miezi ya karibuni, maana mizizi yake bado iko juu juu. Zifuate mboga zinazotoa maua au kutunga matunda. Nyasi ziwe za mwisho kabisa. Mimi sizipi hata kopo. Zikigeuka rangi ya kahawia, mara nyingi zimelala tu, na mvua ikinyesha zitachipua. Usizikate fupi.

Hatua ya 2: Tia kidole udongoni
Kizamishe sentimeta 5 hivi. Ukisikia ubaridi na udongo ukakung'ang'ania kidoleni, acha, rudi kesho. Majani kulegea saa saba mchana si lazima iwe kiu. Mimea mingi hulegea kwa joto ikasimama tena jioni. Lakini ukiukuta umelegea alfajiri, huo mpe maji leo.

Hatua ya 3: Mwagilia shina, si majani
Fanya asubuhi na mapema. Chimba kisahani kidogo kuzunguka mche, mimina kopo moja, subiri yanywewe, ndipo umimine la pili. Ukiyamwaga kwa pupa yanakimbilia njiani. Na afadhali kunywesha kwa kina mara chache kuliko kurashia kila siku: maji ya kurashia hulowesha ngozi ya udongo tu, jua likipanda yamekwisha.

Hatua ya 4: Funika udongo
Ng'oa magugu kwanza, maana nayo yanakunywa. Kisha tandaza majani makavu unene wa sentimeta 5 hadi 8, ukiacha nafasi kidogo shinani lisije likaoza. Mbolea isubiri, inausukuma mmea kukua wakati maji hayapo.

Hatua ya 5: Ua na gari
Ua unafagiwa, hauoshwi. Gari lifutwe vioo na taa kwa kitambaa na ndoo moja.

Hatua ya 6: Funga koki, toa mpira ndooni
Hii naomba muishike sana. Maji yakikatika, bomba lililoachwa wazi litamwaga usiku kucha yakirudi mmelala. Na mpira ambao ncha yake imezama kwenye ndoo ya maji machafu unaweza kuyanyonya hadi kwenye mabomba ya nyumba, kwa sababu msukumo umeshuka. Ni maji hayohayo mnayokunywa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, maji ya kufulia naweza kumwagia mboga?
Ya suuza ya mwisho yanafaa, dada, kama hukutia dawa ya klorini na hukufua nepi. Yamwage udongoni kwenye miti na maua. Mboga zinazoliwa mbichi na za mizizi usizipe. Yatumie siku hiyohiyo, yakilala yananuka.

Nimejaza mapipa manne nje. Sasa mbu wamezidi.
Yafunike leo, ndugu yangu, kwa mfuniko unaobana au chandarua kilichofungwa kamba. Yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10, kwa hiyo chombo kisichofunikika kimwage bustanini na ukisugue kuta kila wiki, maana mayai hugandia pembeni. Kama kuna watoto wadogo, hata ndoo iwe na mfuniko. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji machache sana.

Mti wangu mkubwa wa matunda unapukutisha majani. Niukate matawi?
Usiukate. Unapunguza majani ili upoteze maji kidogo. Unyweshe taratibu, si shinani bali chini ya ukingo wa matawi, kwenye mizizi inayonyonya. Ukishaunywesha kwa kina, uache wiki moja au mbili.

Kuna faida kukinga mvua ndogo?
Kubwa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 10 linakusanya karibu lita 500, ukiondoa zinazopotea. Maji ya mwanzo yana vumbi na kinyesi cha ndege, yaache yapite kwanza, kisha sogeza pipa.